Samaki wa Kumi Yuko Wapi?

Kabla hamjaendelea kupokea habari anazoeneza yule rafiki yangu, eti nimekamatwa Kibirizi, mwalo wa kushushia samaki mjini Kigoma, kwa wizi wa samaki: sikukamatwa. Nilizungukwa tu.

Nilikuwa naye hapo mwaloni, mimi na mizani na daftari, napima migebuka, samaki wa Ziwa Tanganyika, kwa ajili ya utafiti wa chuo. Mama mmoja akaniruhusu nitumie beseni lake. Nikakataa kuokota wa juu, maana wa Kigoma mnajua, juu hupangwa wanene. Nikachanganya, nikachomoa kumi bila kuchagua, nikawalaza kwenye turubai. Mpaka hapo mimi ni mtaalamu.

Kilichoniponza ni mdomo. Mama aliuliza ninaandika nini, nikamjibu kihadhiri: wastani, unagawa kwa kumi. Ila varianzi, ile ya kuonyesha uzito unavyotawanyika, unagawa kwa tisa.

Akaacha kufukuza nzi.

"Umepima wangapi?"

"Kumi, mama."

"Unagawa kwa wangapi?"

"Tisa."

"Mmoja yuko wapi?"

Jamani, si ningenyamaza? Nikamtaja Bessel, ambaye kanuni hiyo ya kupunguza mmoja imepewa jina lake! Mzee mmoja akauliza huyo Bessel anauzia mwalo gani. Nikasema ni Mjerumani, alifariki 1846. Haikusaidia. Nikazidi: wastani wenyewe umetoka kwa samaki hao hao, kwa hiyo uko karibu nao kuliko wastani wa ziwa zima, ukigawa kwa kumi, mtawanyiko utaonekana mdogo kuliko ulivyo. Na ukishajua tofauti za samaki tisa na wastani huo, ya huyo wa kumi inajulikana yenyewe, hana uhuru tena.

"Hana uhuru? Umemfungia wapi?"

Watu wakasogea. Mama akainama, akahesabu kwa kidole, taratibu, kwa sauti. Saba. Nane. Tisa. Kidole kikabaki hewani.

Tisa kweli!

Nikaona macho yanaanza kushuka. Usoni kwangu. Begani. Kwenye begi. Zipu haikufika mwisho, na hapo ilipoishia umetokeza mkia, mbichi, unadondosha maji kwenye kiatu changu. (Waliosoma takwimu, msicheke kwanza.)

Basi nikalipa, bei ya samaki wawili, nikaomba radhi, nikarukia bodaboda.

Tulipofika Mwanga, hapo hapo mjini Kigoma, ndipo rafiki yangu akasema ni yeye aliyemtia begini, "ili hesabu yako ikubali." Na mgebuka akamla yeye.

Sampuli haijatimia, lazima nirudi. Mama amekubali, ila begi nimwachie muuza barafu.