Mwenzake Kapata Minne, Yeye Saba

Kila mahakama inapompunguzia kifungo mtu aliyesambaza dawa za kulevya, ni wachache wanaouliza sababu. Wengi husema tu kwamba muuza unga kaachiwa. Mimi nazitetea rufaa hizi, hasa ile inayosimama kwenye hoja kwamba mwenzake katika kosa hilohilo alipewa adhabu nyepesi.

Tuchukue New South Wales, Australia, ambako rufaa za namna hii husikilizwa na Mahakama ya Rufaa ya Jinai. Tuseme watu wawili wameshirikiana. Mmoja alitafuta mnunuzi na kupanga bei. Mwingine alikutwa na mfuko kwenye gari. Mshikwa na ngozi ndiye mla nyama, na macho yote yanamgeukia wa mfuko. Wote wanakiri, wanahukumiwa siku tofauti na majaji tofauti. Mpangaji anapata miaka 4, mbebaji 7. Kisha wanakutana kwenye uwanja mmoja wa gereza. Huyu wa saba utamwambiaje kwamba sheria ni moja?

Mahakama Kuu ya Australia, ambayo licha ya jina lake ndiyo ya mwisho kabisa nchini humo, ililizungumzia suala hili mwaka 1984, kisha 1997 na 2011. Usawa hapa si kulinganisha miaka kama kwenye mizani ya duka. Umri, makosa ya nyuma, nafasi ya kila mmoja, kukiri mapema, kuwasaidia polisi, vyote vinaweza kuwatenganisha washirika. Kinachopimwa ni kama pengo limekuwa kubwa kiasi cha kumpa mrufani manung'uniko ya haki, na kipimo ni jicho la mtu wa nje, si uchungu wake mwenyewe.

Kesi ya 2011, iliyohusu kilimo cha bangi, ndiyo inayonigusa zaidi. Waendesha mashtaka waliomba adhabu za wawili ziongezwe, ilhali ya mshirika mwingine hawakuikatia rufaa. Mahakama ya rufaa ikaziongeza. Mahakama Kuu ikautengua uamuzi huo, na naamini ilifanya sawa: huwezi kuwapandisha wawili na kumwacha wa tatu alipo, halafu ukadai uwiano kati yao haujavurugika.

Makosa mengine ya majaji ni ya hesabu tu, na hayo ndiyo watu huyaita ujanja wa mawakili. Kwa kawaida ya sheria ya huko, mfungwa hukaa ndani angalau robo tatu ya kifungo kabla ya paroli, yaani kuachiwa kwa masharti kabla kifungo hakijaisha, isipokuwa jaji akiona kuna mazingira maalumu. Sasa jaji anaandika kwamba mazingira hayo yapo: ni jela yake ya kwanza, na anahitaji uangalizi mrefu zaidi nje ili aachane na dawa. Ukurasa unaofuata anampa miaka 6, muda wa lazima wa kukaa ndani ukiwa miaka 4 na miezi 6. Piga hesabu. Ni robo tatu ileile, kana kwamba ukurasa uliotangulia haukuandikwa.

Tangu uamuzi wa Mahakama Kuu wa 2014, kosa la namna hiyo likithibitika, mahakama ya rufaa haitakiwi kukisia kama lilibadilisha chochote. Inapaswa kuipima adhabu yenyewe upya, hata kama itaishia palepale. Na ikiteremsha muda wa lazima hadi miaka 4, hiyo ni miezi sita ambayo kuna mtoto huko nje alikuwa anaihesabu.