Ujira wa Kibarua Upimwe kwa Bei ya Mkate

Yanapozungumzwa Mapinduzi ya Ufaransa ya mwaka 1789, hutajwa wanafalsafa na anasa za kasri la mfalme la Versailles, na kibarua wa Paris husahauliwa, ilhali hesabu yake ya jioni inaeleza mengi. Kibarua wa kawaida alilipwa takriban sou 20 hadi 30 kwa siku, sou ikiwa sarafu ndogo ya Ufaransa ya wakati huo. Mkate wenye uzito wa pauni nne, yaani karibu kilo mbili, ambao kwa kawaida uliuzwa sou 8 au 9, ulifikia sou 14 na nusu mwezi Februari 1789, baada ya mvua kubwa ya mawe ya Julai 1788 na mavuno mabaya. Na mkate huo ndio uliokuwa chakula chenyewe, kama ugali ulivyo katika nyumba za Ngarenaro na Unga Limited hapa Arusha.

Jambo linalopitwa haraka mno ni idadi ya siku. Ukihesabu Jumapili na sikukuu za kanisa, siku zisizo na malipo zilizidi 100 kwa mwaka, na tumbo halina sikukuu. Hivyo sou 30 za siku ya kazi, zikigawanywa kwa mwaka mzima, hubaki kama 21 kwa siku, na mkate mmoja tu wa siku unameza zaidi ya theluthi mbili yake. Saidia fundi wa hapa kwetu anaielewa hesabu hiyo bila kufundishwa: wakati wa masika mvua ikianza alfajiri, saiti hailipi, naye anapita dukani kwa Mangi kuandikiwa kilo mbili za sembe kwenye daftari.

Mwezi Aprili 1789, Jean-Baptiste Réveillon, mwenye kiwanda cha karatasi za ukutani, alisema kwamba nafaka ikishuka bei, ujira nao ungeweza kupunguzwa. Mitaani ikavuma kwamba anataka kulipa sou 15. Nyumba yake ikavunjwa, askari wakafyatua risasi, watu wengi wakafa. Hakuwa mwajiri mbaya, kwani aliwasaidia wafanyakazi wake majira ya baridi kazi iliposimama. Lakini sou 15 zilimaanisha kubakiwa na nusu sou baada ya mkate, na sioni haki ya kuwaita waliokasirika wahuni.

Kwa hiyo, wanaopanga kima cha chini wasiishie kukigawa kiwango cha mwezi ili kupata cha siku. Kiwango cha kibarua kikadiriwe kwa siku anazopata kazi kweli, masika ikiwemo, kisha kilinganishwe na bei ya sembe katika soko la Kilombero.