Wenzetu wamevunja majengo 282 mizizi ipumue, sisi mibuyu twaipakia kwenye trela

Wiki iliyopita nilimpeleka mwanangu Sequoia, ile mbuga ya milimani huku California yenye miti mikubwa, na hata saa moja haijaisha tukakemewa. Kulikuwa na koni imeanguka chini ya mti, kubwa kama yai la kuku, mtoto akaruka kile kiuzio cha mbao aende akaiokote, mama mmoja renja akamwita kwa sauti mpaka watu wakageuka. Nilichukia wallahi. Nikamwambia mama, huu mti una mita 83 kwenda juu na chini upana wake mita 11, huyu mtoto hata kilo ishirini na tano hajafika, atauumiza vipi? Akanieleza polepole tu, bila hasira, kwamba miti hii haina mzizi mkuu wa kushuka chini, mizizi imetambaa karibu na uso wa ardhi, na mguu wa mtoto mmoja si kitu ila wanakuja watu maelfu kwa maelfu na udongo ukishashindiliwa maji hayaingii tena.

Halafu tukaingia kwenye jumba la makumbusho la pale Giant Forest, ambalo zamani lilikuwa duka, na hapo ndipo nilipoishiwa maneno. Pale palikuwa kama mji mdogo, na nyumba za wageni, mikahawa, lami, mabomba ya maji machafu. Mwishoni mwa miaka ya 1990 wakavunja majengo 282, lami wakaing'oa, biashara ikahamishwa mbali, sababu mizizi ilikuwa yaumia. Yaani jengo ndilo limeupisha mti! Nimelala nalo nimeamka nalo hili jambo.

Nyie mlioko Malindi mwajua naelekea wapi. Mwaka 2022 hapo hapo kaunti yetu ya Kilifi mibuyu imechimbwa na matinga, matawi yakakatwa, ikalazwa kwenye trela kama maiti iende nchi ya Georgia ikapandwe kwenye bustani, mpaka Rais akatoka akaamuru uchunguzi ufanywe. Mbuyu! Mti wenye miaka mia kadhaa, mingine imepita elfu. Ubuyu wake ndio bibi zetu wameupikia sukari na rangi nyekundu wakauza mlangoni watoto wakapata daftari. Na ile iliyosalimika na trela haikusalimika na ploti, maana mtu akinunua tu kitu cha kwanza ni kusafisha, na kusafisha kwetu ni kukata kila kilichosimama hata kama nyumba yenyewe itajengwa pembeni.

Nawaskia tayari. "Umekaa Marekani miaka tisa sasa waja kutufunza miti." Mie sijaja kumfunza mtu, mie ni mtoto wa Malindi, nimekula mabuyu mpaka ulimi ukatoka vidonda, mnajua kwetu na mnamjua mamangu. Na simlaumu mwenye shamba aliyeuza, msinielewe vibaya. Mvua imekataa, karo yadaiwa, mtu amekuja na pesa mkononi kwa mti ambao haukulipi kitu, wewe ungesemaje? Ninaowalaumu ni waliokaa ofisini na muhuri.

Mwingine atasema hao hao Wazungu walikata yao. Ni kweli, tena walikata vibaya sana. Jirani na hapo pako mahali paitwa Converse Basin, waliangusha maelfu ya miti, na mbao zenyewe ni za kuvunjika, mti ukipiga chini wapasuka vipande, ikaishia kuwa nguzo za ua na njiti za kiberiti. Miaka elfu mbili kuwa njiti! Na moto wa 2020 umewaulia maelfu mengine, hata mwaka uliofuata moto uliporudi ikabidi shina la ule mkubwa kabisa, General Sherman, walizungushie foili lisishike. Kwa hiyo sisemi wao ni malaika, nasema walikosea wakaona, wakarudi nyuma wakavunja walichojenga. Sisi tumemuona nani akivunja chake?

Na kinachoniuma zaidi ni kwamba sisi hili tulilijua kabla yao. Mbuga yao imetangazwa 1890. Wazee wa Kimijikenda wameyalinda makaya, ile misitu yao mitakatifu, karne ngapi, msituni huingii ovyo, hukati hata fimbo, hakukuwa na uzio wala renja, kulikuwa na mwiko na watu wakauheshimu, mpaka UNESCO wenyewe mwaka 2008 wakayaweka kwenye urithi wa dunia. Nendeni Gede mkaone mibuyu ilivyosimama kwenye magofu. Arabuko-Sokoke iko hapo karibu, kuna ndege wa pale ambao kwingine duniani ni nadra kuwapata. Tulikuwa nacho! Na leo mzee wa Kilifi akiota mvi aogopa kuitwa mchawi akauawa kwa sababu ya ardhi, sasa huo mwiko atamrithisha nani?

Mwanangu kwenye gari akaniuliza ule mbuyu wa babu kule shambani kama una uzio. Huo mbuyu mimi na ndugu zangu saba tukishikana mikono hatukuweza kuuzunguka. Nikampigia mjomba usiku ule ule, kwao asubuhi, nikamsalimu nikamuuliza. Akasema upo, na popo wake wapo, ila kuna dalali amekuja mara mbili kuulizia kile kipande, na mara ya pili alikuja na futi akapima shina. Nimemwomba asimjibu chochote mpaka Disemba nikija.