PSA ikizidi 4, kurudia kipimo sio kupuuzia

Siku hizi kwenye kambi za vipimo vya bure wanaume wengi wanakubali kutoa damu ya PSA, kile kipimo cha kuchunguza tezi dume, maana hakuna habari ya kuingizwa kidole njia ya haja kubwa, na hilo ni jambo jema kabisa. Shida inaanza majibu yakitoka. Karatasi ya maabara inasema 6.8, pembeni kuna herufi H, yaani iko juu, na kiwango cha kawaida 0 mpaka 4, basi mzee haoni kingine pale zaidi ya ile H, usingizi unakata, anaanza kuwaita watoto awaonyeshe hati za viwanja.

Kuna wanaosema hapo hakuna kusubiri, akachukuliwe kinyama, yaani vipande vidogo vya tezi vikapimwe saratani, wiki hiyo hiyo. Siwalaumu. Tanzania saratani ya tezi dume ndio inaongoza kwa wanaume, na wengi wanafika hospitali ya saratani ya Ocean Road mgongo unauma, ugonjwa umeshaingia kwenye mifupa. Marekani nako wanaume weusi wanakufa kwa ugonjwa huu karibu mara mbili ya weupe. Daktari aliyeshuhudia hayo lazima awe na haraka.

Ila PSA haipimi saratani jamani, inapima protini ambayo tezi yenyewe inaitengeneza, iwe nzima iwe na ugonjwa. Tezi ikikua kwa umri tu inapanda, UTI inaipandisha, mpira wa mkojo unaipandisha, hata tendo la ndoa la jana usiku linaweza kuisogeza. Sasa nani anaulizwa hayo kwenye foleni ya kambi? Baba yangu mdogo alitoa damu huku mkojo unamchoma na hakuna aliyemuuliza, akaja kutibiwa UTI, wakasubiri wiki 6 wakarudia, ikasoma 2.9, na katikati hapo alishakonda kwa mawazo mpaka suruali hazimkai.

Kwa wenye PSA kati ya 4 na 10 wakichukuliwa kinyama, karibu mmoja kati ya wanne ndio anakutwa na saratani. Hao watatu wengine wamechomwa sindano kama 12 kwenye tezi, wamekojoa damu, wapo wanaopata maambukizi mpaka wanalazwa. Na yule mmoja naye sio lazima afe nayo. Uingereza waliwafuatilia wanaume 1,643 wenye saratani ambayo haijatoka nje ya tezi, wengine wakafanyiwa upasuaji, wengine mionzi, wengine wakaangaliwa tu kwa vipimo, na matokeo ya miaka 15 yaliyotoka 2023 yakaonyesha makundi yote matatu waliokufa kwa ugonjwa huo ni kama 3 kwa kila 100. Kweli, kwa walioangaliwa tu ugonjwa ulisambaa zaidi, karibu mara mbili, na pia karibu wote walikuwa wazungu kwahiyo siwezi kuibeba ile takwimu nzima nikaileta Mbagala. Lakini hata ukipunguza, inatosha kuonyesha kwamba wiki 6 za kurudia kipimo hazimuui mtu mwenye 6.8.

Simsemei mwenye PSA ya 80, au anayeumwa mifupa, au daktari kapima kwa kidole akakuta tezi ngumu ina vinundu, huyo aende leo. Na ambaye baba au kaka alikufa nayo asikae kizembe. Namsemea huyu wa 5, wa 7, asiye na dalili nzito: atibiwe UTI kama ipo, arudie, ikibaki juu apigwe picha ya tezi ya MRI kama pesa au bima inaruhusu, ndipo kinyama kizungumzwe.

Wanaotaka haraka wanaogopa kitu kimoja ambacho hata mimi nakiogopa, kwamba huku kwetu ukimwambia mtu rudi baada ya wiki 6 harudi tena. Kweli hawarudi, kwa sababu kambi inafunga turubai inaondoka na mzee hajaambiwa arudi wapi. Hapo waandaaji wamwandikie kwenye karatasi ile ile ya majibu tarehe, hospitali na namba ya simu, na mtu wa kumpigia akipitisha siku.