Ana A ya Usuluhishi, Hajawahi Kuona Watu Wakisuluhishwa

Kijana anayesoma sheria, aliyekuja kufanya fildi kwenye ofisi yangu ya uwakili hapa Moshi, ana A ya somo la utatuzi wa migogoro. Alinionyesha matokeo kwenye simu, na nilimpongeza. Nikamuuliza ameshuhudia vikao vingapi vya usuluhishi. Hata kimoja. Sasa muhula mzima mlikuwa mnafanya nini? Akaanza kunitiririshia: faida za usuluhishi, hasara za usuluhishi, tofauti kati ya msuluhishi na mwamuzi. Kakariri kama mtoto wa darasa la tano anavyokariri sehemu za ua. Ila mahakama ya kuigiza, hapo usiseme! Ameshiriki, ameshinda, na picha ya suti nyeusi ndiyo iliyopo WhatsApp.

Jamani, mteja wa kawaida wa huku kwetu anaanzia wapi? Akiwa na mgogoro wa ardhi, Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya halimpokei mpaka baraza la kata liwe limejaribu kuwapatanisha. Tangu marekebisho ya 2021 kata haihukumu tena, kazi yake ni kupatanisha tu, na imepewa siku 30. Na sisi mawakili haturuhusiwi hata kuingia kumwakilisha mtu pale. Anayetaka talaka, Sheria ya Ndoa ya 1971 kwa kawaida inampitisha kwanza baraza la usuluhishi. Aliyefukuzwa kazi anaenda CMA, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na huko anaanza na msuluhishi. Hata madai ya kawaida mahakamani yana hatua ya usuluhishi tangu 1994. Siku ya Sheria ya 2023 kaulimbiu yake ilikuwa usuluhishi huohuo, wakubwa wakahutubia, tukapiga makofi. Halafu vyuo vinaendelea kumwandaa kijana kwa ajili ya mlango wa mwisho kabisa, ule ambao wateja wengi hawana nauli ya kuufikia.

Wiki ya pili ya fildi walikuja ndugu wawili wa tumbo moja, wanagombea mpaka wa kihamba, shamba la migomba la ukoo. (Nimebadilisha mambo kadhaa, msianze kukisia.) Mdogo ndiye aliyebaki nyumbani kwa wazazi, kama ilivyo desturi. Mkubwa yuko Dar na anapanda kuja nyumbani Desemba kama Wachaga wote wenye akili timamu. Anadai mdogo wake kasogeza masale, ile mimea ya kuonyesha mpaka, kala hatua tatu za migomba. Dakika kumi hazijaisha, kijana wangu akaninong'oneza: "Wakili, hawa tuwaandikie notisi ya siku 14 ya kusudio la kushtaki." Sikumlaumu, hicho ndicho alichofundishwa. Kasikia "mpaka", kichwani ikafunguka sura ya kitabu.

Walikuwa wamekuja na shangazi yao. Bibi yule alikaa kimya muda mrefu, kisha akamuuliza yule wa Dar: "Ukija Desemba, baba, unalala wapi?"

Ikawa kimya. Halafu yakatoka. Bati la nyumba ya mama alinunua yeye. Mama alipofariki, chumba chake kikafungwa, kikawa stoo ya mahindi, na Krismasi iliyofuata yeye na mkewe wakalala lodge mjini. Mdogo naye akafunguka, kwamba kaka hakupiga simu hata mara moja wakati anamuuguza mama. Migomba haikutajwa tena. Tungekwenda barazani, tungepima, tungeita mashahidi, mmoja angeshinda hatua tatu za shamba na angeendelea kulala lodge.

Swali lile halimo kwenye mtihani wowote nilioufanya mimi. Na usiniambie ni kipaji cha wazee. Linafundishika! Mpe mwanafunzi mmoja karatasi ya kaka mkubwa, yenye siri ambayo haruhusiwi kuitoa mpaka aulizwe vizuri. Mwingine mpe ya mdogo. Wa tatu awe msuluhishi, na umsahihishe kwa maswali aliyouliza, kwa mara alizomkatiza mtu, kwa kama aliigundua siri au la. Najua mhadhiri atasema vikao vya usuluhishi ni faragha, wanafunzi hawawezi kuingizwa. Sawa, ni faragha. Si muigize? Mbona mahakama mnaigiza?

Na mji wa jirani hapa ni Arusha, jamani. Warundi waliokuwa wakipigana waliletwa pale, Mwalimu akawasuluhisha mpaka mauti yalipomkuta 1999, Mandela akapokea kijiti, wakasaini mkataba wa amani Agosti 2000. Mwanafunzi wa sheria anapita nje ya AICC, kile kituo cha mikutano, kila siku akienda kunywa chai, na anachokijua kuhusu jengo lile ni kwamba kulikuwa na kesi za Rwanda.

Haya, nikubali na lingine, ingawa silipendi. Usuluhishi unaumiza watu. Mjane anakalishwa mbele ya mashemeji, anaambiwa "yaishe kifamilia", anatoka na karatasi inayomwachia kitanda na kuku. Na kuna wanaothubutu kuyamaliza kwa mbuzi na mbege mambo ya mtoto aliyebakwa. Hilo ni jinai, halina kikao, na anayelikalia kikao naye ashughulikiwe. Lakini nani atakayesimama pale aseme "hapa hatusuluhishi, twendeni polisi", kama wanasheria wenyewe hatujafundishwa ni wapi pa kusimama?

Mwaka 2022, walipofaulu 26 kati ya 633 pale Shule ya Sheria, wanakopita wanaotaka kuwa mawakili, nchi nzima ilipiga kelele na kamati ikaundwa. Sikusikia mtu akiuliza kama hao 26 wanajua kusikiliza.

Ndugu wale walipoondoka, kijana wangu aliuliza lililokuwa likimkereketa, na nilimheshimu kwa kuliuliza: "Sasa wakili, shauri likiisha siku moja, sisi tunakula wapi?" Nikamwonyesha risiti. Kaka mtu alilipa siku ileile, na mwezi uliofuata akanielekezea jirani yake wa Dar mwenye mgogoro na wapangaji. Notisi ya siku 14 ningeiandika kwa bei gani, na ningelipwa lini?