Kenge, nguchiro na pambano lisilotazamwa

Nimeishi Mikindani ya Mombasa, kando ya hori la Tudor, kwa miaka ya kutosha kuwatambua kenge wa mikokoni mmoja mmoja kwa madoa yao, na kwa miaka yote hiyo nimeisikia hukumu ileile ikirudiwa barazani: kwamba kenge ni mwoga licha ya ukubwa wake, na kwamba nguchiro akimkabili humuua kama anavyomuua nyoka. Siikubali hukumu hiyo. Naamini wanaoitoa wanatazama pambano lisilo na uzito mkubwa na kuliacha lile linaloamua kama kenge watabaki au watatoweka.

Julai moja, kusi ikivuma na mawingu yakiwa yamepasuka kidogo, niliona jambo lililonifanya nianze kufikiri upya. Ilikuwa yapata saa nne asubuhi, maji yamekupwa, na kenge mmoja mtu mzima, mwenye urefu wa mita moja na nusu hivi, alikuwa akivunja kaa chini ya mizizi ya mkoko. Nguchiro saba, wale wenye milia mgongoni, waliteremka kutoka upande wa majumba wakamzingira. Kenge hakukimbia. Aliwageuzia ubavu, akavimbisha koo, akatoa mlio kama wa gurudumu linalovuja upepo, kisha akaupinda mkia wake kama upinde. Nguchiro wa kwanza aliyesogea alipigwa na mkia huo akabiringika topeni, akainuka na kukaa mbali. Mwingine alimuuma kenge karibu na shina la mkia, lakini kenge alipogeuka na kinywa wazi, yule nguchiro aliachia haraka. Baada ya dakika tatu au nne kundi zima liliondoka kutafuta chakula chepesi zaidi.

Umaarufu wa nguchiro umetokana na nyoka, na watu wamekosea kuuhamishia kwa kenge. Mwili wa nguchiro una kinga fulani dhidi ya sumu ya swila, naye ana wepesi wa kumchokoza nyoka mpaka achoke, kwa kuwa nyoka akishakosa shabaha hana budi kujikunja upya. Kenge ana silaha nne kwa wakati mmoja: mkia unaochapa kama mjeledi, kucha za mpanda miti, taya, na uzito. Nguchiro wa milia ana kilo moja na nusu tu, ilhali kenge wa majini aliyekomaa anaweza kumzidi mara kadhaa. Tena meno ya kenge mkubwa si makali kama ya mtoto wake. Yamekuwa butu na manene, yafaayo kupasua magamba ya konokono na kaa. Mguu wa nguchiro ukiingia katika taya hizo hautoki mzima.

Hata hivyo, kilichonishangaza zaidi siku ile kilitokea baada ya nguchiro kuondoka. Kenge alilala palepale topeni karibu nusu saa, koo likipanda na kushuka bila kukoma. Mjusi anapokimbia, misuli ile ile ya mbavu inayoupinda mwili ndiyo inayohitajika kuvuta pumzi, kwa hiyo mijusi wengi hushindwa kufanya mambo hayo mawili vizuri kwa pamoja. Kenge amepata njia ya kupunguza tatizo hilo kwa kujaza hewa kooni na kuisukuma mapafuni, ndiyo maana ana stamina kuliko mijusi wengine. Lakini bado hawezi kulingana na mnyama mwenye damu ya moto. Nguvu zake za ghafla hutumia akiba ya misuli isiyohitaji hewa, na akiba hiyo ikiisha hulazimika kupumzika muda mrefu. Kwa maneno mengine, dakika za mwanzo ni zake, na kila dakika inayoongezeka ni ya adui.

Ndipo saa ya siku inapokuwa na uzito. Laiti nguchiro wale wangemkuta saa kumi na mbili na nusu, kabla hajaota jua, wangekuta mwili mzito, mkia mvivu, na kinywa kinachochelewa. Joto la nguchiro halingojei jua. Lipo mwilini mwake usiku na mchana. Vilevile, mnyama akiwa mkubwa na mkaidi zaidi, mambo hubadilika kabisa. Nyegere, ambaye huku mjini hatumwoni ila yuko bara, ana ngozi nene iliyolegea ambayo mkia na kucha haziiumizi sana, naye huua kenge na kumla. Siwezi kumtetea kenge mbele ya nyegere.

Lakini pambano ninalosema halitazamwi liko ardhini, kwenye mayai. Kenge jike hutoboa kichuguu wakati mvua imekilainisha, hutaga humo mayai ambayo yanaweza kufika 60, kisha mchwa hukiziba kichuguu na kuyafunika kwa joto na unyevu ulio sawa kwa miezi mingi. Nguchiro akiyapata, hakuna mkia wa kuyatetea. Nimewahi kumwona akilishika yai kwa miguu ya mbele na kulirusha nyuma, kati ya miguu yake, mpaka likapasukia kwenye jiwe. Na yale yanayoanguliwa hutoa kijikenge cha sentimita 30 hivi, chembamba kama kidole, ambacho ni chakula cha nguchiro, cha paka, cha kanu, na hata cha kunguru.

Jamaica inathibitisha hayo. Mwaka 1872 nguchiro wa India walipelekwa huko ili wawamalize panya wa mashamba ya miwa. Iguana wa kisiwa hicho, mjusi anayepita mita moja, alipungua mpaka watu wakaamini ametoweka, hadi alipopatikana tena mwaka 1990 katika vilima vya Hellshire. Waliokuja kumwokoa walichukua watoto wake, wakawalea katika bustani ya wanyama ya Hope mjini Kingston mpaka wakawa wakubwa kiasi cha kutoliwa na nguchiro, ndipo wakawarudisha msituni. Sijui ushahidi ulio wazi kuliko huo: mjusi yule yule, nguchiro wale wale, na tofauti yote ni ukubwa.

Kwa hiyo inanisikitisha kuona vijana wakimfungia kenge na paka au mbwa katika ua ili wapate video ya kusambaza, wakidhani wanajifunza nani mbabe. Kenge aliyefungwa kamba, aliyekaa kivulini tangu jana, hawaonyeshi chochote isipokuwa mnyama asiye na joto wala njia ya kutokea. Ni ukatili, na matokeo yake ni ya uongo.

Nyuma ya kiwanja cha jirani yangu kipo kichuguu kimoja kikubwa, ambacho mwaka jana nilimwona kenge jike akikichimba siku mbili mfululizo baada ya mvua za masika. Mwenye kiwanja anataka kukisawazisha ajenge vyumba vya kupangisha. Nimemwomba asubiri mvua zijazo zikilainishe kichuguu, vijikenge vitoke, naye amekubali kungoja mpaka hapo.