Rabuka ameomba radhi, kisha?

Nimeletewa tena ile klipu ya Sitiveni Rabuka, mwanajeshi aliyepindua serikali ya Fiji, nchi ya visiwa vya Pasifiki, kisha akaja kuwa waziri mkuu wake, akiomba msamaha, safari hii na maneno chini yake: "Viongozi wetu wajifunze." Haya, tujifunze. Ila kabla hatujamjengea sanamu, tukumbushane msamaha wenyewe ulikuwa wa nini.

Mei 14, 1987, saa nne asubuhi, Bunge la Fiji limekaa mjini Suva. Dokta Timoci Bavadra ana mwezi mmoja tu wa uwaziri mkuu. Rabuka, luteni kanali, namba tatu jeshini, ameketi kwenye viti vya wageni na nguo za kiraia. Wanaingia askari kumi waliofunika nyuso, yeye anainuka, na serikali iliyochaguliwa inatolewa nje kwa mtutu wa bunduki. Kisingizio? Eti Wahindi wamejaa serikalini, ardhi ya wenyeji iko hatarini. Ardhi ambayo zaidi ya asilimia 80 ni ya koo za wenyeji hao hao na sheria hairuhusu iuzwe! Na Bavadra mwenyewe alikuwa mwenyeji. Septemba akapindua tena, kama mtu aliyerudi kuchukua kofia aliyoisahau.

Tarehe nayo. Mei 14, 1879 ndiyo siku meli ya Leonidas ilipofika na Wahindi wa kwanza walioletwa kwa mkataba kulima miwa ya wakoloni. Vitukuu vyao wakapinduliwa siku hiyo hiyo.

Shingo upande nakubali: katiba ya 1997 aliyoisuka, akiwa waziri mkuu, na Jai Ram Reddy, kiongozi wa upinzani wa Wahindi, ilifuta mengi ya ubaguzi wa ile ya 1990, iliyotungwa baada ya mapinduzi yake. Uchaguzi wa 1999 akabwagwa, akaondoka bila kuita askari.

Kinachonikera ni kwamba msamaha wa Mei 14, 2023 haukumgharimu kitu. Tayari alikuwa waziri mkuu tena, kwa kura 28 dhidi ya 27 bungeni. Bavadra alishafariki tangu 1989, hakusikia neno. Wahindi wa Fiji waliokuwa karibu nusu ya nchi leo ni kama theluthi. Maelfu kwa maelfu walifunga virago wakaenda Australia, New Zealand na Kanada, na radhi ya jukwaani hairudishi duka wala shamba la miwa lililoachwa. Na kinga ya kutoshtakiwa kwa mambo ya 1987 imo ndani ya katiba ya 2013, siku ile ilikuwa haijaguswa. Sasa hapo mkosaji ametoa nini? Machozi ya wasikilizaji?

Mlango aliouvunja wakaupitia wengine: mfanyabiashara George Speight alipindua mwaka 2000 na kushika mateka bungeni siku 56, kisha mkuu wa jeshi Bainimarama akapindua 2006. Wanafunzi wazuri.

Na msiniambie alikuwa kijana, damu inachemka. Alikuwa na miaka 38, na alishavaa kofia ya Umoja wa Mataifa kulinda amani ya watu wengine huko Lebanon.